Daktari wa Blogu na Cherehani ya Urithi

Biashara ya kwanza ya Daktari ilikuwa redio ya mama yake, aliyoichukua kwenda kuitengeneza. Huu ni mwaka wa saba, na redio bado inatengenezwa. Udaktari wenyewe hakuusomea popote. Alijipachika siku aliyogundua kwamba watu huihurumia kompyuta inayoumwa kuliko jirani anayeumwa.

Siku moja alikuwa amejilaza, simu puani, alipoiona riziki yake: blogu ya mshonaji mmoja mstaafu, na ndani yake picha ya cherehani ya mkono, ya zamani, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Muuza vitu vya kale alikuwa akiililia cherehani ya aina hiyo mwaka mzima. Makala yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi. Mshonaji alieleza jinsi alivyogombana na mdogo wake kwa ajili ya urithi huo wa mama yao, mdogo mtu akaondoka bila kuaga. Daktari aliisoma hiyo moja, akaona inatosha. Mtu mwenye shughuli zake hasomi blogu nzima.

Akakiamsha kijiprogramu chake. Kwa siku mbili makala mpya kabisa ya mshonaji ilimwagiwa maoni mia nne: dawa ya upara, pete za bahati, mikopo isiyo na maswali, na "Makala nzuri sana, endelea hivyo" kutoka kwa watu ambao hawajazaliwa. Siku ya tatu akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Nimeona blogu yako inaumwa, usingizi ukanipaa."

"Marahaba, mwanangu. Inatapika tangu juzi. Wewe huwa unaisoma?"

"Neno kwa neno, mama. Sikosi hata makala moja."

Pembeni, kando ya kopo la vifungo, mama mwingine mwenye miwani alikuwa akifumua gauni. Aliinua macho, akamtazama Daktari, akayarudisha kwenye mshono. "Mgeni wangu," alisema mshonaji. "Ananisaidia kufumua."

Daktari akaketi mbele ya kompyuta ya mshonaji, akaipima blogu homa, akatikisa kichwa kama anayetangaza msiba. "Itapona. Na hela yako sitaki, mama. Nipe tu hicho chuma kizee cha dirishani, nikakiuze kwa kilo."

Mshonaji akalipapasa gurudumu la cherehani. "Hii ni ya mama yangu. Nilinuniwa na mdogo wangu kwa ajili yake. Huenda ameniandikia, neno lake likazikwa humo kwenye upara. Nitafutie. Ukilipata, cherehani ibebe."

Daktari nusura acheke. Akaomba kwenda msalani, na simu yake mfukoni. Aliporudi, maoni yalikuwa yameongezeka ishirini, ili mgonjwa aonekane mahututi. Akaenda tena. Yakaongezeka thelathini.

"Una tumbo, mwanangu," alisema mshonaji. "Na blogu nayo vilevile. Kila ukienda, nayo inakwenda."

Mgeni alikohoa kwenye gauni. Daktari akayalaumu maji ya bomba.

Safari ya tatu aliandika kwa uchungu mkubwa, mpaka simu ikabaki na chaji ya kuhesabu pumzi. Akarudi, akaichomeka ukutani karibu na mgeni, akajifanya anatafuta, kisha akashusha sauti.

"Mama. Kaa chini kwanza."

Mshonaji akasoma kwa sauti: "Dada yangu kipenzi, ni mimi mdogo wako. Nimekusamehe. Cherehani mpe fundi mwaminifu." Akavua miwani yake, akaifuta, akamgeukia mgeni pale pembeni.

"Umesikia ulivyoniandikia?"

"Nimesikia," alisema mgeni. "Nimejitahidi. Ila hapo pa fundi nimezidisha."

Daktari akatabasamu, kama mtu aliyeingia kwenye mzaha ukiwa katikati. Mshonaji akapandisha ukurasa, upara ukapita, pete zikapita, hadi juu kabisa. Palikuwa na picha ya mama wawili wamekumbatiana mbele ya cherehani, na kichwa cha habari: Mdogo Wangu Amerudi.

"Umeniandikia maoni mia nne hamsini na moja chini ya makala hii, mwanangu. Hata kichwa chake hukukisoma?"

Daktari akanyoosha mkono kuichukua simu. Ukutani palikuwa na waya mtupu. Simu ilikuwa ndani ya droo, na ufunguo wa droo ulining'inia shingoni mwa mdogo mtu.

"Futa," alisema mshonaji. "Moja moja. Na utusomee, macho yetu yamechoka."

Akasoma mpaka sauti ikakauka. Kina mama walimkatiza mara moja tu. "Rudia hapo pa upara," alisema mdogo mtu, akimpiga picha. "Inapakwa mara ngapi?"

Jioni alirudishiwa simu, akatoka mikono mitupu, bila kuaga.

Wiki iliyofuata mshonaji aliandika makala mpya, namna ya kufumua mshono ulioharibika, na picha ya fundi mwenye shati la mistari ameinamia kompyuta. Chini yake palikuwa na maoni ya mtu mmoja tu, wala hakuuza kitu.

"Huyo wa mistari ni mwanangu. Mkimwona tena, mwambieni mama yake anaulizia redio."