Uso wa Kumpokelea Mama

Jumatatu, 3 Juni
Dada amepiga simu. Macho ya Mama yamekwisha kabisa, hawezi tena kuishi peke yake. Jumapili atafika kwa dada, na hapo atachagua mwenyewe akae kwangu au kwa pacha wangu. Nyumbani tunaitwa Mkubwa na Mdogo. Mkubwa ni mimi, nilimtangulia kutoka. Sura moja, sauti moja. Ila Mdogo ana duka na mashavu yaliyojaa. Mimi seremala, vumbi la mbao limenikaa usoni miaka yote. Mara ya mwisho Mama alinipapasa akasema nimechakaa. Akiligusa tena shavu hili atadhani kwangu hakuliki. Lazima nilainike! Namtaka Mama. Nimeandika, basi.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea shemeji, mke wa Mdogo, mwenye saluni. Sababu sikumwambia. Akanieleza kuwa ngozi iliyokufa huondolewa taratibu, uso ukiwa umelowa, kwa ncha za vidole, unazungusha bila kukandamiza. Mara moja kwa wiki inatosha. Unasuuza kwa maji vuguvugu, unapaka mafuta, unajikinga na jua. Ngozi ikiwasha, unaacha. Nikashukuru. Njiani nikatafakari. Kubembeleza hivyo hakujawahi kulainisha hata mguu wa kigoda. Kikulacho ki nguoni mwako: shemeji anamlinda mumewe.

Jumatano, 5 Juni
Sukari na mafuta ya kupikia. Asubuhi, mchana, jioni, kwa nguvu zote. Sisimizi wamenifuata hadi karakana. Mke wangu akauliza ninapika nini usoni. Nikamwambia hayamhusu. Pua inang'aa, shavu bado.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefikiri kama fundi. Mbao haibembelezwi, hupigwa msasa. Nikachukua ule laini kabisa, wa kumalizia, nikafuata mwelekeo wa ndevu kama mtu afuatavyo nyuzi za mbao. Shavu la kushoto likanyooka. Halafu likawaka moto! La kulia nalo, maana nilikuwa nimeshalianza. Mke wangu alinikuta nimezamisha kichwa kwenye ndoo. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaenda kumwita shemeji. Shemeji akanipaka mafuta mazito ya mgando. Huenda nilimdhania vibaya. Huenda.

Jumapili, 9 Juni
Uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Kwa dada niliingia wa kwanza, nikapiga magoti mbele ya Mama. Akanipapasa. Mashavu yamejaa, yanateleza kwa mafuta. Maumivu! Nikabana meno, machozi yakanitoka.

"Mdogo, mwanangu, usilie," akasema. "Nimeamua kukaa kwa Mkubwa. Yule hapumziki. Shavu lake liliniambia."

Wiki nzima nilikuwa nalifuta shavu lililokuwa likinitetea. Nikamshika mkono nimsaidie kuinuka. Hakuinuka. Akapitisha vidole kwenye sugu za kiganja changu, moja baada ya nyingine.

"Kumbe ni wewe. Uso wako umeupeleka wapi?"

Nikamwambia nitaurudisha. Mdogo, aliyekuwa mlangoni, alicheka sana, kisha akageuka kufuta macho yake.

Jumatatu, 10 Juni
Mama yuko kwangu! Uvimbe umeshuka, ndevu zimeanza kuchomoza, amenigusa na kuridhika. Lakini asubuhi nilipomwongoza hadi uani, niliona jinsi viganja vyangu vinavyoikwaruza ngozi yake nyembamba. Yeye hakulalamika, alinishika tu kwa nguvu. Mimi ndiye ambaye sikupenda. Nimemuuliza shemeji. Jibu ni lile lile: taratibu, mara moja kwa wiki, mafuta. Nimemshukuru sana.

Sasa nimefunga mlango wa karakana. Mkono si uso, ngozi yake ni nene. Nitaanza na msasa mkali, nimalizie na ule laini. Kesho Mama akinishika, hataamini kuwa ni mimi.