Mzinga wa Baba Juu ya Gari la Mkate

Jumanne, 3 Aprili 1956

Wiki ya tano hapa Thika. Mvua tena. Kwetu Mwala mvua ikianza watu hutoka nje kuitazama, wazee husimama mlangoni kama wanapokea mgeni. Hapa watu wanainua kola na kuendelea na safari. Hawana adabu kwa mvua.

Habari kubwa! Bwana Lalji, mwenye kiwanda cha mkate, alitukusanya madereva wake uani. Madereva wenyewe ni wawili, mimi na Tobias. Akasema kuanzia Ijumaa tarehe ishirini gari moja litapeleka mkate Machakos kila wiki. Njia hiyo atapewa yule ambaye hataletewa lalamiko hata moja mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Mwingine atabaki na Ruiru na matope yake.

Machakos! Tena Ijumaa! Mama yangu, Ndila, huja soko la Machakos kila Ijumaa kuuza viondo, vikapu anavyosuka mwenyewe. Hukaa kando ya ukuta, karibu na mshona viatu. Sijamwona tangu nihamie huku. Nikiipata njia hiyo nitasimamisha gari mbele yake, nipige honi mara tatu, wanawake wote wa soko waulize huyo ni nani. Tayari nimemwandikia kwamba nina watu chini yangu. Si uongo sana. Chumba changu kiko kilimani kidogo.

Shida ni Tobias. Mtu mzima wa Alego, kule kwa wavuvi wa ziwani, kaptura imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Miaka sita, hana lalamiko. Mimi kwa wiki tano nina matatu, ingawa moja lilikuwa la kuku, na kuku ndiye aliyekosa.

Nimefikiri sana. Jibu liko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 4 Aprili

Jibu lenyewe ni mzinga wa baba. Marehemu baba yangu, Nzomo, hakuna aliyemshinda kwa nyuki kutoka Mwala mpaka mto Athi. Alikuwa anawaimbia. Alipofariki mwaka juzi mama alinigawia mzinga mmoja, gogo zuri lililochongwa ndani, nje lina alama ya ukoo wetu iliyochomwa kwa chuma cha moto: mistari mitatu na duara. Nilikuja nao kwenye basi, nikatozwa nauli yake kama mtu. Sasa ni kiti cha wageni. Bado sijapata mgeni.

Mpango ni huu. Bwana Lalji hunywa maziwa kwa asali kila asubuhi, na kila asubuhi hulalamika kwamba asali ya dukani ni maji ya sukari. Mashamba ya kahawa huko Ruiru yamechanua, meupe tupu. Natundika mzinga pale. Nyuki wanaingia. Wanajaza. Nampelekea bwana mkubwa debe zima. Mtu aliyekula asali yako atakunyimaje Machakos?

Nilimwambia Tobias, maana akili kama hii haifai kukaa bila mtu wa kuiona. Akauliza mzinga unajaa kwa siku ngapi. Nikasema kumi. Akasema yeye alidhani ni miezi. Nikamwambia aendelee kujua samaki. Nikamsimulia nilivyokuwa napanda miti na baba, natia mkono mtupu ndani ya mzinga huku nyuki wananitambalia usoni.

Kwa vile daftari hili nalisoma peke yangu: sikuwahi kupanda. Nilikuwa nashika kamba chini, ile ya kuteremshia asali. Baba alikuwa akicheka kutoka juu gizani, anasema, "Kaleli, wewe shika kamba tu." Na siku moja nyuki watatu waliposhuka kunisalimu, niliiachilia nikakimbia mpaka nyumbani. Lakini hayo ya nini.

Alhamisi, 5 Aprili

Baba alikuwa akipaka nta na majani ya kunukia ndani ya mzinga, kuwaita nyuki. Sina nta. Nimepaka shira ya maandazi, nusu kopo, niliyoiazima kiwandani bila kumsumbua mtu. Nyuki wa kisasa, chakula cha kisasa.

Nikaufunga juu ya keria ya gari. Bwana Lalji akauliza ni nini. Nikasema ni gogo la kutia chini ya tairi likikwama kwenye matope. Akanisifu! Mbele ya Tobias! Tobias akakohoa.

Kwenye kizuizi cha daraja la Ruiru, hapo wanapokagua vipande, vile vyeti vya kutembelea, askari naye akauliza. Kwa nini nimwambie habari za shira? Nikasema ni ngoma ya kanisa.

Shambani mambo yakaharibika. Nyapara hataki mzinga. Anasema wapalizi wakiumwa na nyuki yeye ndiye atakayeulizwa na mwenye shamba. Wakonyo, yule mama mwenye duka la shamba, akatoka kupokea mikate yake, akautazama mzinga, akaniuliza kama nimechoka kuishi hata natembea na jeneza. Nikamweleza. Akasema, "Huyu wa Machakos ukimpa gari, yeye analigeuza mti." Wapalizi wote wakacheka. Nami nikacheka kidogo, ili kicheko chao kiishe upesi.

Mzinga ukarudi nami Thika. Mtupu.

Jumamosi, 7 Aprili

Lalamiko hakuna mpaka leo. Naandika hivi kwa fahari. Mzinga bado uko juu ya keria, natafuta mti wenye mwenyewe mpole.

Saa nane mchana, baada ya kumaliza mikate yote, gari likakwama kwenye matope ya shamba, hatua mia kutoka kwa Wakonyo. Tairi za nyuma zikazama mpaka katikati. Wakonyo akaja na mwavuli kutazama. Akasema, si nimesikia una gogo la kazi hiyo hiyo? Kumbe maneno yangu ya kiwandani yalishamfikia. Ni Tobias tu.

Kulitia gogo la baba chini ya tairi! Nilikataa. Akauliza nitafanya nini sasa. Nikasema nangoja. Nilingoja mpaka jioni. Hatimaye nikaliacha gari pale pale lilipokwama, chini ya mti, mzinga juu, nikarudi Thika nimeketi juu ya mkonge ndani ya lori la Juja. Mkonge unachoma. Bwana Lalji alisema maneno mengi ya Kihindi. Kisha kwa Kiswahili: Jumatatu Tobias atakuja kunivuta.

Kuvutwa na Tobias. Bora mkonge.

Jumapili, 8 Aprili

Hakuna kazi. Jua limetoka. Nimelala kitandani natazama nafasi ulipokuwa mzinga.

Saa hizi kwetu mama ametoka kanisani, amevua viatu barabarani ili visichakae. Anatwanga mahindi ya muthokoi, anaimba wimbo mmoja tu, nao haujui mwisho. Vumbi linanuka. Baba alipokuwa hai, Jumapili ilikuwa siku ya sega. Anakata kwa kisu, anampa kila mtoto kipande, tunatafuna mpaka asali iishe, tunatema nta kwenye kiganja chake. Hakuwa anaona kinyaa. Anaikusanya, anaifinyanga, anaiweka kwa mzinga ujao. Kwa hiyo katika kila mzinga wake kulikuwa na meno yetu.

Mama alikuwa akiniita kutoka mbali, "Kalelii!", sauti inapita mto na kurudi. Hapa Thika naitwa "wewe wa mkate".

Lazima niipate Machakos.

Jumatatu, 9 Aprili

Kidole changu cha kuandikia kimevimba kama ndizi. Naandika kwa kile kingine.

Asubuhi Tobias alinipeleka shambani na lori lake, mikate yangu mia na ishirini ndani. Kabla hatujafika kwenye gari nikasikia sauti. Baba! Ni sauti ile ile! Nyuki walikuwa wameingia. Kundi zima, wananing'inia kwenye mdomo wa mzinga kama ndevu, wanatoka wanaenda kwenye maua, wanarudi. Siku mbili tu. Walikuwa wamehama kama mimi, wakatafuta chumba, wakakipata. Nilivua kofia. Macho yalinitoka maji, ila ilikuwa ni jua.

Tobias alisimama hatua ishirini nyuma. Alinivuta kutoka huko huko, kwa mnyororo mrefu. Tukahamisha mikate. Kisha akaniambia kwa upole nisiondoke na nyuki mchana, maana amesikia watu wa kwetu huwagusa wakati wa giza tu, wakiwa wametulia. Nikamwambia mimi ndiye mtu wa kwetu. Shule ya misheni ya Ruiru ilikuwa inangoja mikate themanini kabla ya saa nne. Nikafunga vioo, nikaondoka.

Gari likienda polepole, nyuki walisafiri nami vizuri. Kizuizini, tuliposimamishwa, wakachoka kungoja.

Askari walikuwa watano. Foleni ya watu na vipande vyao mkononi, tangu alfajiri. Askari mmoja akasema mbona ngoma yako inalia yenyewe. Mwingine akasema huenda kuna bunduki ndani. Nikashusha kioo kidogo, nikasema ni afadhali wasiiguse. Neno baya kumwambia askari. Akapanda juu ya bampa, akaupiga mzinga kwa rungu. Mara mbili.

Sijui niandike nini. Askari watatu waliingia mtoni na buti. Mmoja akajificha chini ya gari langu, akajuta. Foleni yote ilipita kizuizi kwa mbio, na hakuna kipande kilichokaguliwa. Mama mmoja alinishukuru akipita. Mimi nilikuwa nimesahau kupandisha kioo.

Wa tano alikuwa koplo, mtu mnene. Alijifunika koti kichwani, akasimama bila kutikisika mpaka nyuki wakapungua. Halafu akaja, uso umevimba upande mmoja, amekasirika. Nikajua nimefungwa. Machakos kwaheri, mama kwaheri. Akaukaribia mzinga. Akaifuta ile alama kwa kidole.

"Kijana. Alama hii ni ya nani?"

Nikasema ni ya baba, Nzomo wa Mwala.

Akapitisha kidole tena juu ya duara.

"Nzomo aliyekuwa anawaimbia?"

"Ndiye, mzee."

"Hii ni alama yetu. Mimi ni wa ukoo huo." Akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. "Basi wewe ni yule mtoto aliyeachilia kamba."

Kumbe habari ilifika mpaka kwa askari wa serikali.

Akaniuliza tangu lini mtu wa ukoo wetu akabeba nyuki juani kama viazi. Akaniketisha kando ya barabara, gari lisisogee, mpaka jua lizame. Nikamwambia kuhusu shule. Akasema watoto hawatakufa kwa kukosa mkate siku moja, nyuki watakufa. Jioni akapanda mwenyewe mgunga ulio karibu na daraja, na ule unene wake, akautundika mzinga, mdomo ukitazama kule kwetu. Mimi nilishika kamba.

Sikuiachilia.

Mikate ilifika shuleni saa moja na nusu usiku.

Jumamosi, 14 Aprili

Bwana Lalji aliisoma barua ya mwalimu mkuu kwa sauti, uani. Watoto themanini walikunywa chai kavu. Ndani ya mkate mmoja kulikuwa na nyuki wawili. Nikasema hayo ni malalamiko mawili yanayofutana, maana walikosa mkate wakapata nyuki, na asali huanzia hapo. Hakuelewa. Nikamwambia debe linakuja. Akauliza debe gani. Akasema, "Wewe kaa Ruiru."

Tobias amepata Machakos.

Nilimngoja acheke nipate sababu ya kumchukia. Hakucheka. Jioni alikuja chumbani kwangu, mgeni wa kwanza, na sasa hakuna kiti. Akasimama. Akauliza mama yangu hukaa sehemu gani ya soko. Nikasema halimhusu. Akaanza kuondoka. Nikamwambia ni kando ya ukuta, karibu na mshona viatu. Apige honi mara tatu.

Jumamosi, 21 Aprili

Tobias alirudi jana. Amenifungulia kiondo kipya. Ndani: muthokoi wa kupikia siku tatu, na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

Anasema alipiga honi mara tatu. Wanawake wa soko wakauliza huyo ni nani. Mama akasimama, akawaambia, "Ni dereva wa mwanangu." Kwa sababu ya ile barua yangu! Nikamuuliza Tobias alisemaje. Akasema alivua kofia akasema, "Ndiyo, mama." Miaka sita bila lalamiko. Naanza kuelewa.

Kisha akamsimulia habari ya mzinga, yote, mpaka askari waliolowa. Mama alicheka hadi akajishikilia ukutani. Tobias anasema mwishoni hakujua kama bado anacheka. Akatuma ujumbe: "Mwambie mwanangu mti awaachie wenye miti. Yeye ashike kamba tu."

Nimekula asali kwa ukoko wa mkate. Nimefumba macho. Nilikuwa Mwala kwa muda wa ukoko mmoja, halafu wa pili, wa tatu. Chupa imebaki robo.

Kila siku nikivuka daraja koplo ananipungia mkono na nyuki wananipigia kelele. Ruiru si mbaya.

Lakini! Asubuhi hii Bwana Lalji amesema mwezi wa sita kutakuwa na gari la Kitui. Barabara ya Kitui inapita karibu zaidi na kwetu kuliko Machakos. Atachagua dereva. Na bado anaikasirikia asali ya dukani.

Ile robo ya mama siwezi kumpa. Ila kule darajani, wiki mbili sasa, lazima mzinga umejaa. Kesho koplo atakuwa kanisani mpaka saa saba mchana. Jua litakuwa kali, nitaona vizuri. Nimeshaazima ngazi.

Tobias ameniuliza kama kweli nimewahi kupanda. Nimemwambia yeye ashike kamba tu.