Ombi la Kubadilishiwa Fuawe Linalonitangaza

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Vyuma,
Mwisho wa barabara yetu.

YAH: FUAWE ULILONIPA KUSIKIKA KULIKO MIMI

Mheshimiwa Fundi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ile niliyokuamkia siku nilipokuja dukani kwako haikutoka. Ulichokiona ni midomo ikicheza tu. Natumaini u mzima, na kidole ulichokuwa umekifunga kitambaa kimepona.

Mimi ni yule binti aliyesimama mbele ya karakana yako siku tatu mfululizo akisoma tangazo la mageti. Nyumbani geti tunalo, na ni zima. Nilikuwa najikusanya. Siku ya nne niliingia kununua fuawe la kufulia chuma nyumbani, kwa kujifurahisha, na hapo ndipo yalipotokea yaliyonifanya nishike kalamu. Nyuma ya stakabadhi yako pameandikwa kwamba mteja asiyeridhika atabadilishiwa kifaa ndani ya siku kumi na nne. Leo ni ya kumi na mbili. Kwa heshima kubwa naomba ulichukue hili ulilonipa, uniletee lile nililolichagua mwenyewe. Ikishindikana, naacha uhunzi kabisa, na kulabu yangu ya kwanza, ambayo imebaki kukunjwa ncha tu, itaishia kuwa msumari wenye mawazo. Sababu zangu ni hizi:

1. Kwanza uelewe nilivyofika kwenye uhunzi. Mimi ni mtu wa haya. Nimesoma kwa lugha mbili na nimenyamaza kwa zote mbili. Mwalimu wa lugha moja alidhani naongea sana kwenye nyingine, na wa nyingine akadhani vivyo hivyo. Sasa nimemaliza mitihani, nasubiri matokeo, na mama amesema hawezi kuniangalia miezi mitatu nikihesabu vigae vya jikoni. Nikajiunga na kwaya. Nilifungua mdomo wiki nne bila kutoa sauti, mpaka mwalimu wa kwaya akanisifu mbele ya wenzangu kwamba ndimi pekee nisiyeharibu. Nikajaribu mpira wa wavu. Kule mpira ukija lazima upaze sauti useme "Wangu!", na mimi sijawahi kudai kitu kwa sauti, hata zamu yangu ya kuoga. Ndipo nikapata kitabu cha uhunzi wa nyumbani. Katika picha zake zote kumi na nane mhunzi yuko peke yake, anatazama chini, na mdomo ameufunga. Nikasema, hapa ndipo kwetu. Kumbe picha hazina mlio. Hilo ni kosa la mwandishi wa kitabu, si lako, lakini nimeanza na wewe kwa kuwa uko karibu.

2. Kuhusu uchaguzi wenyewe. Ulinionesha mafuawe mawili yaliyotumika, ukanipa gololi ya chuma, ukaniambia niidondoshe juu ya kila moja kutoka usawa wa kifua. Kwenye la kwanza gololi iliruka ikakaribia kunirudia kiganjani, na fuawe likalia tiiing mpaka wote mliokuwamo mkageuka kunitazama. Kwenye la pili gololi ilitua pu, ikatulia. Ilibaki pale kama mgeni aliyeketishwa kwenye kiti asichojua ni cha nani. Nililipenda papo hapo, nikalielekeza kwa kidole.

Ukasema, "Hilo? Hilo bubu, mwanangu. Chuma cha kumimina hicho, kila ukipiga linakula nguvu zako bure." Yule mzee wako wa kuchomelea akainua miwani yake akasema, "Mwache bwana, labda anatafuta kigoda." Mkacheka. Na mimi nikacheka, ili nisiwe peke yangu niliyenyamaza. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kicheko kile hakikuwa kibali.

3. Kuhusu utaratibu wenu kwamba chuma hakitoki karakanani mpaka mnunuzi akigonge mara tatu na kusema mbele ya watu atatengeneza nini. Sijui nani aliuanzisha, ila hakuwa na haya. Kugonga niligonga, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mbwa. Kusema ndiko kulikonishinda, nikaandika "kulabu" kwa kidole kwenye vumbi la meza yako. Wewe ukalisoma kwa sauti kama unatangaza mshindi.

Halafu ukanifungia fuawe kwenye gunia. Hapa nakiri jambo ambalo hata mama sijamwambia: nilijua. Lile bubu pembe yake ni butu na imemeguka. Pembe iliyotoboa gunia lile ilikuwa ndefu na nzima. Nilijua umenibadilishia, na nikakwambia "asante." Kusema "samahani, silo hili" ni maneno matatu tu, lakini pale walisimama watu watano, na kila neno lingepata mashahidi wa kutosha kulifikisha mahakamani. Isitoshe, mwenye mkokoteni uliyenipa aliimba njia nzima, "Pisha, pisha, fuawe la binti linapita!" Tulipita kona sita. Kwenye kona ya pili nilianza kutembea upande wa pili wa barabara, kama nisiyehusika. Akazidisha sauti ili nisipotee.

4. Sasa mlio wenyewe. Fuawe nimeliweka uani, juu ya gogo, katikati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Asubuhi ya kwanza nilipasha chuma mpaka kikawa na rangi ya chungwa bivu, nikakishika na koleo, nikapiga mara moja. Njiwa wote wa paa letu wakahama. Cherehani ya mama ndani ikanyamaza. Na nyuma ya ukuta wetu, Fundi, pana shule ya msingi ambayo kengele yake ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Saa tatu kasoro robo, watoto mia nne wakatoka kwenda mapumziko.

Mwalimu mkuu akachungulia juu ya ukuta, akauliza ni nani huyo. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya tangi. Kwa adabu nikainua koleo, ajue kuna mtu. Aliongea na koleo lile kwa muda mrefu, na kwa upole. Aliliuliza linafikiri elimu ya watoto hawa itakuwaje. Koleo liliitikia kwa kutikisika.

Hayakuishia hapo. Siku ya tano ulikuja ujumbe wa darasa la nne, watoto watatu, na barua iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Wanaomba niwe nafanya kazi Jumanne saa nne kamili, wakati wa hesabu za sehemu. Wameniita Dada Kengele. Hoja zao zina mpangilio kuliko hizi ninazokuandikia.

5. Usidhani nimekuja kulalamika kabla ya kujisaidia. Kitabu kinasema mlio wa fuawe hupunguzwa kwa sumaku, mnyororo au mchanga. Nilibandika sumaku ya spika mbovu ya redio: mlio ukapungua kidogo, ila sumaku ikakamata koleo kila nilipopita, nikawa navutana nalo kama tunagombea mzigo. Nikazungusha mnyororo: fuawe likaendelea kulia, na mnyororo ukaitikia. Mchanga ulimwagika. Nikalifunika blanketi, likashika cheche, mama akalizima kwa maji ya kufulia pamoja na mimi. Mwisho nikajaribu kupiga taratibu, kwa kuomba radhi. Hapo nikagundua kwamba chuma hakina subira na mtu wa haya. Ukikisubirisha kidogo tu kinapoa, na kikishapoa hakisikii la mtu.

6. Familia yangu imeharibika. Mama, akiwa kwenye cherehani, anayasoma mapigo yangu kama barua. "Leo umenuna," ananiambia wakati wa chakula, "umepiga manne ya haraka kabla sijamaliza kola." Miaka kumi na sita nimenuna kwa siri, na sasa siwezi tena.

Bibi ndiye mzito zaidi. Masikio yake yana mwaka wa pili yamechoka. Tunaongea naye kwa mikono na kwa kuandika. Nilipopiga siku ile ya kwanza alitoka chumbani bila fimbo akauliza, "Nani anagonga?" Tangu hapo kiti chake kiko uani, hatua nne kutoka kwenye gogo, na kazi yake ni kunikosoa. "Hapo umepiga kando! Sikia lilivyokwaruza!" Kinachouma ni kwamba huwa ni kweli nimepiga kando. Juzi alimpigia simu dada yake, akainyanyua simu kuelekea kwangu, akasema, "Msikilize mjukuu wako." Nililazimika kupiga vizuri. Mama akamsikilizia: dada yake anaomba nirudie.

7. Na watu wa barabarani. Zamani nilikuwa natoka dukani mpaka nyumbani bila mtu kuniona. Sasa muuza mkaa ananiuliza, "Kulabu imefikia wapi?" Kinyozi anauliza. Askari wa benki, ambaye kazi yake ni kutoongea na mtu, anauliza. Nami nimelelewa vizuri, siwezi kuwapita wakubwa kimya, kwa hiyo najibu. Kwa siku kumi na mbili nimeshaongea na watu kumi na tisa. Hao ni wengi kuliko niliozungumza nao kidato cha tatu na cha nne ukiviunganisha. Koo linaniuma.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo. Ubadilishe fuawe kabla ya keshokutwa. Usipoweza, uje uondoe mlio, uniachie fuawe. Usipoweza na hilo, uwe unakuja kukaa uani kwetu siku za kazi ukiwa na aproni yako, watu wakichungulia wakuone wewe, na mimi nitapiga nikiwa nyuma ya tangi kwa nyundo yenye mpini wa mita mbili. Chai utapata. Aidha, nashauri karakana iwe na milango miwili, mmoja wa wanaoongea na mwingine wa sisi. Wateja wa mlango wetu wahudumiwe kwa vidole na vumbi la meza, na mafuawe yao yapimwe yakiwa yamelala. Na kama haya yote ni magumu, basi shule ihame. Ukuta watuachie.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Tafadhali usilitume na mwenye mkokoteni, atalisoma njia nzima.

Nisalimie mzee wa kuchomelea, umwambie kigoda tunacho. Nisalimie fundi wa rangi, na yule paka anayelala kwenye boksi la misumari, sijui anawezaje. Wasalimie wote waliokuwapo siku ile, wanisahau. Na lile bubu lipe salamu zangu za pekee. Halina haja ya kuzijibu.

Wako katika ukimya, kadiri ninavyoruhusiwa,

Binti wa nyumba yenye tangi

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nikaona si vizuri kulirudisha fuawe bila kuliaga, niligonge mara moja tu halafu nilifunge kwenye gunia. Kugonga chuma baridi ni kuliudhi, kwa hiyo nikawasha mkaa. Hiyo ilikuwa saa nne. Nilipoinua uso ilikuwa saa saba, ncha ya kulabu imejikunja jinsi inavyotakiwa, na juu ya ukuta palikuwa na safu nzima ya vichwa ambavyo sikuviona vikija. Sikuwa nimejificha. Nilisahau.

Mama mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye sijawahi kumwambia chochote zaidi ya shikamoo, alikuwa amesimama kwenye geti letu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, fuawe nililichagulia wapi, maana na yeye anatamani kuanza ila anaona aibu kuuliza mafundi. Nikamjibu, "Nenda karakana ya mwisho wa barabara, udondoshe gololi, chagua linaloirudisha." Ni maneno kumi, nimeyahesabu baadaye. Wale wa ukutani wote waliyasikia, na Bibi pia, bila kuandikiwa.

Kwa hiyo futa namba ya kwanza mpaka ya saba, na usije kuchukua kitu hapa. Yule mama atakuja kwako Jumatatu. Mkicheka na yeye atacheka, msimwamini. Atalielekeza lile bubu kwa kidole. Ukimpa, Fundi, sitakuandikia barua nyingine.

Nitakuja mwenyewe.