Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Februari
Hili sijamwambia mtu. Miaka yote ya shule nilijifanya sielewi hesabu. Nilizielewa! Ila nikikwama, baba alisogeza saa za wateja pembeni, akavuta kiti, tukakaa. Baba ni fundi saa. Si mtu wa maneno, lakini hesabu humfungua kinywa. Sasa shule nimemaliza, sina daftari la kukwama nalo. Siku hizi husema "Umekula?" na "Funga mlango." Maneno matatu kutwa nzima.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Februari
Milioni moja na moja! Nadhani ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kuthibitisha, unaigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu. Ziko 168. Nimejaribu 25, hadi tisini na saba, zote zikaacha baki. Mkono ukachoka. Zimebaki 143. Nikimpelekea baba moja kila mchana akipumzika, Jumapili tukiacha, ni miezi mitano na nusu! Akili ninayo, sema haionekani.

Jumatano, 5 Februari
Balaa. Dada kaiona karatasi niliyogawanyia. Kasema simu yake itaimaliza kabla sijapiga chafya. Nikamsihi. Atanyamaza nikimfulia wiki mbili, mashuka yakiwemo. Akauliza kwa nini nisiende tu kukaa na baba, kwani kukaa kunahitaji namba?

Huyu hajui mikakati.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemwambia baba kuna namba inanisumbua. Sauti ilinitoka kama ya mbu. Akavua kioo chake cha jichoni! Akasogeza saa! Akasema mimi na hesabu ni paka na maji, akachonga penseli kwa wembe. Tukaanza na mia na moja.

Nilikaa ng'ambo ya meza. Kusoma namba zake zikiwa kichwa chini miguu juu nimezoea. Tisa. Tisa. Sifuri. Moja. Na chini kabisa, mia na moja toa mia na moja.

Sifuri.

Siku ya kwanza! Miezi mitano na nusu imekwenda na maji.

Baba akaitazama ile sifuri. Akanitazama mimi. Akaifunika kwa kidole gumba, akakohoa, akasema imebaki moja, namba ngumu hii, mama, kesho tujaribu mia na tatu na nisichelewe.

Nikasema ngumu kweli, baba.

Jumamosi, 8 Februari
Jana mia na tatu, leo mia na saba. Baki halali kabisa. Baba kasimulia alivyoifungua saa ya babu akiwa na miaka saba, akabakiwa na skrubu nne mkononi. Kacheka mpaka machozi.

Tukianika mashuka, dada kaniambia tena nimwambie tu baba kwamba napenda kukaa naye. Aibu gani hiyo! Tayari nimeandaa namba ya baadaye: bilioni moja na moja. Nimeijaribu kwa mbili, tatu na tano. Imezikataa zote! Nimeona inatosha.

Wewe uliyefika ukurasa huu, nakuomba sana: baba asijue kwamba niliiona ile sifuri.