Mfumo Umesema Shamba la Twahiru Halina Kitu

Jumatano asubuhi tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na kwa kuwa kijiwe chetu cha kahawa kinatazamana na mlango huo, sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kulisoma. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Makote ukitokea Newala mjini, juu kabisa, mahali ambapo mvua inanyesha vizuri halafu mchanga unaimeza yote. Maji yako bondeni. Kushuka ni saa nzima. Kupanda na ndoo, usiulize.

Tangazo lilisema kwamba mfumo wa kompyuta wa kusaidia maamuzi ya ardhi na maji umechambua kijiji kizima, na unapendekeza lambo la kukinga mvua lichimbwe eneo namba kumi na nne, "ardhi isiyo na matumizi". Mkutano wa kupitisha ni kesho saa nne.

"Namba kumi na nne ndiyo wapi?" aliuliza Silvano. Huyu tunamwita Takwimu, kwa sababu hawezi kusema jambo bila asilimia.

"Kwangu," alijibu Twahiru.

Twahiru jina lake la kijiweni ni Bubu. Akisema maneno matatu kwa siku, siku hiyo amehutubia.

"Kwako si kuna mikorosho?"

"Mfumo umesema haipo."

"Labda uliiangalia ikiwa imepukutika," nikasema. Mimi kazi yangu ni kushona viatu hapo hapo barazani, huwa nachangia nikiwa nimeinama.

"Ikipukutika inageuka mchicha?" aliuliza Mama Faidha, mwenye birika na mwenye kijiwe.

"Hawa wanatumia picha za angani," alisema Takwimu. "Kutoka kule juu, asilimia sabini na tano ya vitu havitambuliki. Msikiti unaonekana karai."

"Na kama mfumo umeshaamua, kesho tunakwenda kufanya nini?"

"Kuupigia makofi."

Mama Faidha alimjazia Twahiru kikombe kabla hajaomba. "Baba Hamidu, pole," alisema. "Ila nisikufiche. Mimi nashuka bonde hili tangu Faidha yuko mgongoni kwangu. Sasa hivi Faidha ana wake mgongoni. Lambo nalitaka."

"Na mimi nalitaka," alisema Twahiru. "Lakini mikorosho arobaini pale kapanda mama."

Hapo hakuna aliyetania.

Mnamo saa tatu akafika Emilia, ofisa wa maji, juu ya pikipiki, kishikwambi kakifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Ni binti mdogo, mpole, hana makuu.

"Shikamooni."

"Marahaba," tuliitikia, isipokuwa Twahiru, ambaye alisimama kwanza. "Marahaba, mwanangu. Huo mfumo uko wapi?"

Emilia alinyanyua kishikwambi. "Umo humu, baba."

Twahiru alikiinamia. "Uambie mimi nipo."

"Hausikii, baba. Unasoma tulichouandikia tu. Na wala hauamui, unashauri. Wanaoamua ni nyinyi kesho."

"Nani kauandikia?"

Emilia alitelezesha kidole. "Eneo namba kumi na nne. Maelezo yalikusanywa na karani wa muda, mwaka jana mwezi wa kumi. Mwenye shamba hakuwepo, akajibiwa na mwanakijiji. Swali la sita, shamba linatumika kwa kazi gani? Jibu, 'Halina kazi, mwenyewe anashinda kwenye kahawa.' Swali la saba, zao kuu? Jibu, 'Usingizi.'" Alinyanyua macho. "Mfumo hauna zao hilo. Ukaweka sifuri."

"Aliyejibu anaitwa nani?" aliuliza Mama Faidha.

"Silvano."

Takwimu alikuwa anatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Fomu haina sehemu ya utani," alisema Emilia, na wala hakusema kwa kumsuta.

"Ulijibia mashamba mangapi?" aliuliza Mama Faidha.

"Ilikuwa msimu, watu wote wako kwenye korosho. Karani kaja hapa, kanikuta mimi."

"Mangapi, Silvano?"

"Kumi na nane."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja namba isiyo asilimia.

"Na langu?" nikauliza.

Emilia akatafuta. "Zao kuu, 'Soli za matairi.'"

Twahiru hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini taratibu, akamgeukia mwenzake. "Silvano. Mama alikuwa anateka maji bondeni, anapanda nayo kichwani, anamwagilia ile miche mmoja mmoja. Viangazi viwili. Wewe ukaandikisha usingizi."

Takwimu alivua kofia. "Nisamehe, Baba Hamidu. Mama alinilisha hata mimi. Sikufikiri kama kuna mtu anaandika."

Twahiru alimtazama mpaka sisi wengine tukaanza kuona aibu. Halafu akasogea kidogo kwenye benchi, na Takwimu akakaa.

Emilia na Twahiru wakaanza fomu upya. Twahiru alitaja miti sitini na tatu, arobaini ya mama na mingine yake, akataja na iliyokufa. Emilia alibonyeza, eneo namba kumi na nne likashuka mpaka mwisho wa orodha.

"Sasa la kwanza ni lipi?" nikauliza.

"Hakuna." Emilia alibonyeza tena. "Mfumo unasema kwingine kote ni mchanga, maji hayatakaa. Unashauri tusubiri vipimo vya udongo."

"Mpaka lini?"

"Bajeti ya mwakani. Ikipita."

Mama Faidha alikuwa anamimina. Akasita, birika likiwa hewani. "Na ule udongo wa mfinyanzi tunaokandikia nyumba, hakuna aliyeuambia mfumo?"

"Udongo gani, mama?"

"Wa kibondeni, nyuma ya kiwanja cha mpira. Mvua ikikatika mwezi wa tano, maji yanasimama pale mpaka wa saba. Wanawake wote wanajua."

"Kuna anayelima pale?"

"Mimi. Nusu eka, mpunga." Alimalizia kumimina. "Andika."

"Mama Faidha," nilisema, "ndilo shamba lako pekee hilo."

"Nimekusikia. Shona viatu."

Tuliondoka wote, kijiwe tukakiacha peke yake. Kibondeni ardhi ilikuwa imepasuka mipasuko ya kuingia kiganja. Takwimu ndiye aliyechimba bila kuombwa, mpaka jembe likagoma. Emilia alimwagia maji ya chupa yake kwenye donge, akalisokota likawa kamba nyembamba, akalipinda likawa bangili. Halikukatika. Alipima, aliandika, akasubiri. Tulisubiri naye jua likituchoma visogo.

"Mfumo umetoa alama themanini na saba kwa mia," alisema.

Mama Faidha aliitikia kwa kichwa, akaanza kurudi. Twahiru alimfuata.

"Utalima kwangu. Chukua ule upande wa barabarani."

"Si kuna mikorosho?"

"Kumi."

"Aliyopanda mama yako?"

"Ndiyo."

"Basi siwezi."

"Alikuwa anashuka bonde na wewe. Angekupa yeye mwenyewe." Akaongeza, "Kesho nitalisema mkutanoni."

Mama Faidha alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kutembea sambamba naye. Tukaelewa amekubali.

Alhamisi asubuhi tulikuta tangazo jipya. Lilisema mfumo wa kisasa umegundua eneo lenye udongo wa kufaa nyuma ya kiwanja cha mpira, na wananchi wanaombwa kuupongeza kwa kuhudhuria.

Takwimu alilisoma mara mbili, akatoa kalamu mfukoni. "Hili lazima lirekebishwe. Naongeza jina lako."

"Liache," alisema Mama Faidha, akisuuza vikombe. "Hata marehemu mume wangu nikimwelekeza njia, tukifika alikuwa anasema kaikumbuka mwenyewe. Muhimu tulikuwa tunafika."

Akajifunga kanga vizuri, akatutangulia kuingia mkutanoni.