Nahodha Wangu ni Imara

Jumatano, 20 Agosti

Daftari langu limefika ukurasa wa hamsini na mbili. Wachezaji kumi na tisa waliohama klabu kiangazi hiki, wote nimewapima. Hapa Al Khoudh tumezungukwa na wahadhiri wa chuo kikuu, lakini sidhani kama yupo aliyefanya utafiti wa kina hivi.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa mashuhuri: mchezo wenyewe ni wa fantasi. Unachagua wachezaji wa kweli kwenye simu. Wakifanya vizuri uwanjani, pointi zao ni zako. Nahodha wako pointi zake huhesabiwa mara mbili. Nahodha asipocheza, utepe unahamia kwa makamu. Rahisi. Na bado msimu uliopita nilishika mkia. Bahati mbaya tupu.

Vigezo vyangu vya mchezaji mpya ni vitatu. Shingo iwe nene. Asibusu nembo ya klabu siku ya kwanza, maana anayebusu upesi huacha upesi. Na akishuka uwanja wa ndege abebe begi lake mwenyewe.

Sasa, jambo lenyewe. Ijumaa ya wiki ijayo watu wa mji wa Qurayyat wanakuja Al Hail, nyumbani kwa mama mkwe wangu Bi Nadra, kumposa Bashayer, mdogo wake mke wangu Khawla. Wanaume thelathini. Baba mkwe hayupo duniani, Mungu amrehemu. Mmoja atakaa mbele, apokee wageni na kusema kwa niaba ya nyumba. Mwingine atazunguka na dele kumimina kahawa. Ama mimi, ama shemeji yangu Safwan, ndugu yake Khawla.

Mimi nina miaka arubaini na saba. Safwan ana thelathini na moja. Mmimina kahawa huwa mdogo wa watu, hilo halina mjadala. Lakini tangu msimu uliopita ninamimina mimi kila Ijumaa kwa sababu ya dau la kijinga nililoliweka mwenyewe. Bi Nadra amechoka kutusikia. Amesema vijana wake wawili wamekaa kiangazi kizima wanatazama simu, basi simu na iamue. Mwenye pointi nyingi wiki hii atakaa mbele, mwenye chache atabeba dele.

Safwan amecheka. Amesema itakuwa salama zaidi kwa wote nikibeba dele, kwa sababu Kiarabu changu nimekinunua rejareja. Yeye kazaliwa hapa hapa kwa Waarabu. Mimi nilikuja kutoka Unguja na miaka kumi na tisa na kanzu moja, na Kiarabu nimejifundisha mwenyewe kwa televisheni. Rejareja, eti!

Alkhamisi, 21 Agosti

Nimempata!

Anaitwa Verhali, mshambuliaji. Shingo ya fahali. Begi kabeba mwenyewe, tena mawili. Nembo hakuibusu, aliitazama tu kwa mashaka. Lakini kilichonimaliza ni mtangazaji wa michezo wa chaneli ya Kiarabu. Kila alipomtaja alisema neno moja: iara. Verhali, iara. Klabu imempata, iara. Nimehesabu mara nne.

Nikatafakari. Sisi watu wa Pwani tunasema imara. Waarabu wenyewe wanaimeza ile m. Ndiyo raha ya kusikiliza lugha kwenye chemchemi yake. Mwandishi mzima wa habari anasema mara nne kwamba mtu ni imara, mimi nani nibishe?

Na wiki hii Verhali anakutana na klabu ile ile aliyotoka. Mtu akiwaona waliomwacha hucheza kwa hasira. Nahodha. Nimemaliza.

Nimemweleza Khawla kwamba Verhali ni iara. Akainua kichwa kutoka kwenye daftari za wanafunzi wake, akaniuliza kama nina hakika nataka nahodha wa namna hiyo. Nikamjibu kwamba namna hiyo hasa ndiyo ninayoitaka. Akarudi kwenye daftari zake.

Ijumaa, 22 Agosti

Chakula cha mchana Al Hail. Pilau ya papa mkavu, nzuri sana, nimeila haraka kwa sababu dele lilikuwa linaningoja.

Safwan ni mtu mbaya. Desturi ya kahawa ya hapa kila mtu anaijua: ukitosheka unatikisa finjani, mmiminaji anakuacha. Safwan hakutikisa. Alikunywa saba. Baina ya moja na nyingine ananitazama usoni kwa upole na kunisifu mkono wangu usiotetemeka. Bi Nadra akasema, "N'nawaona nyote wawili, msijidai." Lakini finjani ya nane Safwan akanyoosha tena.

Hapo ndipo ilipotokea ajali ndogo. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye sinia, kwenye ukurasa wa timu yangu. Tone la kahawa likaangukia kioo. Nikalifuta kwa kidole gumba, na umakamu ukahama kutoka kwa kiungo wangu hodari ukamwendea Osterlin, beki niliyemchukua kwa sababu tu ndiye wa bei ya chini kabisa. Katoka daraja la pili. Shingo kama ya korongo. Daftarini nimempa mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ilikuwa ya huruma. Nilipogundua, muda wa mabadiliko ulikuwa umeshapita.

Hakuna neno. Makamu ni pambo tu. Nahodha wangu ni imara.

Jumamosi, 23 Agosti

Maafa.

Verhali hakuvaa hata jezi. Kamera ilimwonyesha jukwaani, kavaa koti, anakula karanga. Hakuumia. Hana kadi. Anakula tu karanga.

Safwan akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, na Bi Nadra yumo, na mashangazi wote wamo. Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba Verhali yuko kwa mkopo. Klabu ya zamani ndiyo mwenye mali, imemwazimisha tu, na mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu inayommiliki. Jambo hilo, akasema, limetangazwa kila mahali.

Halikutangazwa. Nimesikiliza habari zote. Nikamlalamikia Khawla kwamba hakuna aliyetaja mkopo. Khawla akasema ametaja mtangazaji, mara nne, nilizihesabu mwenyewe: iara ni mkopo.

Nampenda mke wangu. Lakini yeye anasomesha hesabu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba mkopo kwa Kiarabu ni qardh. Najua kwa sababu gari letu lilikuja kwa qardh, nimetia saini karatasi kumi na moja, na hakuna hata moja iliyoandikwa iara. Akainuka. Akaenda kutia chai. Hoja ikishinda, inashinda.

Safwan kamaliza mechi zake zote, ana sitini na moja. Mimi ishirini na mbili, na mtu mmoja tu wa kucheza kesho: Osterlin. Naona haya hata kuandika. Nimeyaona mambo yatakavyokuwa. Wazee thelathini wa Qurayyat wameketi, Safwan yuko mbele na kilemba chake kipya, na mimi mkwe mkubwa wa nyumba nimesimama mlangoni na dele kama mtoto wa jirani. Moyo umeniuma, sitaficha.

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi kutoka kazini nimechoka, sikutaka hata kutazama. Nikatazama.

Dakika ya kumi na mbili, kona. Osterlin, kichwa. Goli. Nikafikiri wamekosea jina. Dakika ya sabini, kona tena. Shingo ile ndefu ikatokea juu ya watu wote. Goli la pili! Na hawakufungwa hata moja. Beki! Pointi ishirini na moja. Na kwa kuwa Verhali hakucheza, utepe umemwangukia makamu, kwa hiyo arubaini na mbili.

Sitini na nne kwa sitini na moja.

Nimekimbia nyumba nzima. Nimembusu Khawla. Nimempigia simu Bi Nadra, akasema alhamdulillah, sasa mtanipumzisha. Safwan anasema kwenye kundi kwamba ni kudra ya tone la kahawa. Anayejua soka anajua kwamba nahodha wa kweli hujitoa ili mwenzake ang'are. Verhali alikaa jukwaani kwa ajili yangu. Huo ndio uimara wenyewe.

Nimerudi daftarini na kusahihisha alama za Osterlin: tisa kwa kumi, shingo ya kimkakati. Tarehe nimeiacha ile ile ya mwanzo wa mwezi.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, ukiondoa harusi, na sina hakika kama niiondoe.

Nilikaa mbele. Safwan alimimina. Nilikunywa finjani nane bila kutikisa, na kila moja nikamsifu mkono wake.

Kisha Mzee Saeed, ami yake bwana harusi, akatoa maneno yake ya posa, mafupi na mazito. Zamu yangu. Nilisimama. Hotuba nzima kwa Kiarabu fasaha, bila karatasi. Nikawakaribisha, nikamsifu Bashayer na malezi yake. Mwisho nikaweka mkono kifuani nikasema kwamba binti yetu tunawapa, na tunawapa iara.

Wazee wakatazamana. Uzito wa neno. Nikalirudia: iara.

Mzee Saeed akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Alipoweza kusema akauliza, kwa adabu kubwa, ni kwa muda gani. Swali la mtu mwenye hekima! Nikamjibu kwamba ni kwa muda wote watakaomhitaji. Akauliza kama kuna sharti la kumrudisha. Nikasema milango yetu iko wazi daima. Wazee thelathini wakacheka na kupiga mapaja, mmoja akafuta machozi. Safwan akajimiminia kahawa mguuni. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nilisikia Bashayer akipiga kelele jina langu.

Posa imekubaliwa. Mzee Saeed alinikumbatia mlangoni akaapa kwamba watamtunza na kumrudisha akiwa mzima. Njia nzima hadi Al Khoudh Khawla alijifunika uso kwa shela, anatetemeka. Kulia kwa furaha. Sikumsumbua.

Jumamosi, 30 Agosti

Simu kutoka Qurayyat kabla ya chai. Mzee Saeed anataka niseme tena siku ya harusi, mbele ya watu mia nne. Amesema kule mjini kwao hawazungumzi kitu kingine.

Baadaye Bi Nadra kapiga. Anaona siku ya harusi niketi tu, Safwan aseme. Anaogopa husuda, namwelewa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hotuba nimeshaianza, na neno lile safari hii nitalitia mara saba.

Nilipotoka kuoga nimekuta Khawla ameniwekea kamusi ya Kiarabu mezani, imefunguliwa, na mstari mmoja umepigwa penseli. Mke mwema. Nimeifunga na kuisimamisha nyuma ya simu ili kioo kikae vizuri, maana dirisha la usajili linakaribia kufungwa na mtangazaji ametaja wachezaji wapya watatu. Nimewachukua wote. Wote iara.