Uzinduzi wa Mtambo wa Mafuta ya Mchaichai, Lumuma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na kwa hiyo ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa, viongozi wa dini zote, wazee wangu, shikamooni (Marahaba.), wadau wa maendeleo, nanyi wananchi wa kawaida mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi Ditram, Mratibu Mkuu wa Mradi Jumuishi wa Mafuta ya Kunukia, nimetoka Kilosa mjini kuja kuzindua mtambo huu mnaouona mbele yangu, umefunikwa kwa heshima na kufungwa utepe, ambao kwa mujibu wa upembuzi yakinifu niliouongoza mwenyewe utaiingiza Lumuma kwenye soko la aromatherapi, yaani tiba ya kunusa, ambapo mtalii wa Mikumi aliyechoka kutazama tembo atanusa mchaichai wenu, atatulia, atalala, na akiamka atanunua. (Vigelegele.) Awamu ya pili ni Kimamba, ya tatu Mikumi, na ya nne tutatathmini kama ya kwanza ilikuwepo.

Wale mnaoendelea kujifukiza, mtu na sufuria la majani ndani ya blanketi kama enzi za bibi, acheni, huo si utaalamu. Utaalamu ni tone moja la mafuta yetu katika kijiko cha mafuta ya alizeti ndipo ujipake, maana haya yetu yakiwa matupu yanababua ngozi. Msiyanywe, hata kama mchaichai mmezoea kuutia kwenye chai. Mjamzito amuone daktari kwanza, na chupa ikae mbali na watoto. Na katika usalama tumevuka lengo: tangu mradi uanze hakuna aliyebabuka wala mtoto aliyekunywa, asilimia mia moja. (Makofi marefu.)

(Sauti ya mama: “Samahani mheshimiwa, naitwa Magreti. Niling’oa vitunguu nikapanda mchaichai kama mlivyotuagiza. Sasa unakauka shambani, hakuna anayeuchukua. Wanangu watakula nini?”)

Swali zuri sana, linaonesha mwamko. Huyu ndiye mkulima wetu wa mfano, na suala lake liko kwenye mchakato.

Tone moja! (Afya!) Matone mengi! (Uchumi!) Lumuma! (Wachache: Oyee.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wapiga picha kwa kuwahi kabla hatujafunua. Kipekee namshukuru huyu huyu Mama Magreti, ambaye asubuhi aliiazima kamati sufuria lake la kujifukizia pamoja na blanketi, akidhani ni kwa chai ya wageni, nasi tukalifunika na kulifunga utepe, kwa kuwa mtambo halisi haujaagizwa na bajeti yake haijaombwa. Mama, njoo uchukue vyombo vyako, utepe utuachie. Na kwa huo mchaichai ulionao, nendeni mkajifukize ukoo mzima. Asanteni kwa kunisikiliza.